Neno, Maana na Sentensi: Historia ya Kujifunza Msamiati wa Kiingereza Njombe na Makambako

Somo la msamiati wa Kiingereza katika shule za Njombe na Makambako lina umbo ambalo mwalimu yeyote wa nyanda hizo hulitambua mara moja. Ubao hugawanywa katika safu tatu, ya kwanza ikiwa ya neno la Kiingereza, ya pili ya maana yake kwa Kiswahili na ya tatu ya sentensi inayoonyesha neno hilo likitumika, kisha wanafunzi hunakili safu zote katika madaftari yao na kuzikariri kwa ajili ya jaribio. Umbo hilo limezoeleka mno hata likaonekana halina mwanzo, lakini kila safu ilifika katika nyanda hizo kwa njia yake na kwa wakati wake. Safu ya maana ilitokana na kamusi zilizotungwa kwa ajili ya Wazungu waliotaka kujua Kiswahili. Safu ya sentensi ilitokana na vitabu vilivyobuniwa na walimu wa Kiingereza waliofanya kazi barani Asia. Na jambo la tatu ambalo ubao hauwezi kulitoa, yaani mahali pa kulitumia neno baada ya kulijua, lilitegemea kazi, biashara na sera za elimu zilizoigusa wilaya ya Njombe. Makala haya yanafuatilia njia hizo tatu na kuonyesha kwamba ugumu wa Kiingereza katika nyanda hizo haukutokana na uhaba wa maana, kwa sababu maana ilipatikana tangu zamani, bali ulitokana na jinsi maana, mfano na matumizi vilivyoendelea kukaa mbalimbali.

Lugha tatu katika nchi ya Ubena

Eneo ambalo leo ni Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Iringa mwaka 2012, ni makazi ya Wabena, Wakinga, Wapangwa na jamii nyingine ambazo lugha zao ni za Kibantu na zinakaribiana sana. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Lupembe au Ilembula mwanzoni mwa karne ya 20 alikua akisema Kibena, akakutana na Kiswahili baadaye, na ikiwa alibahatika kuendelea na shule, akakutana na Kiingereza baadaye zaidi. Utaratibu huo wa lugha tatu una uzito katika historia ya msamiati, kwa kuwa mwalimu alipoandika maana ya neno la Kiingereza kwa Kiswahili, alikuwa akilifafanua neno la lugha ya tatu kwa neno la lugha ya pili, na mara nyingi mwanafunzi alikuwa bado anajifunza hiyo lugha ya pili.

Misheni ya Kilutheri ya Berlin, iliyojenga vituo vyake katika Ubena miaka ya mwisho ya karne ya 19, haikuwa na haraka ya kukipa Kiswahili nafasi ya kwanza. Wamisionari wengi wa Kijerumani wa kusini waliamini kwamba neno la dini huingia moyoni kwa lugha ya nyumbani, na baadhi yao walikitilia shaka Kiswahili kwa kuwa walikihusisha na Uislamu wa pwani. Serikali ya Kijerumani, kwa upande wake, ilikitumia Kiswahili katika utawala, ikawahitaji makarani na maakida waliokisoma na kukiandika. Vituo kama Kidugala, ambako walimu na wainjilisti walifunzwa, vilijikuta kati ya mahitaji hayo mawili. Katika mazingira hayo Kiingereza hakikuwa na kazi yoyote, na aliyetaka lugha ya Ulaya alijifunza maneno machache ya Kijerumani.

Vita Kuu vya Kwanza vilibadili hali hiyo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na kwa miaka michache kazi yao iliangaliwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia kutoka Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Misheni ya Livingstonia ilikuwa na sifa ya kuwafundisha Waafrika Kiingereza, na wahitimu wake walitafutwa katika ofisi na migodi ya nchi nyingi za kusini mwa Afrika. Ingawa kipindi cha Waskoti kilikuwa kifupi, kiliionyesha Njombe kwamba ng'ambo ya Ziwa Nyasa walikuwapo Waafrika waliojipatia cheo na mshahara kwa kujua maneno ya Kiingereza.

Kamusi zilizoelekea upande mwingine

Utawala wa Kiingereza, ulioishika Tanganyika baada ya vita hivyo, uliamua mapema kwamba elimu ya msingi ingeendeshwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kingefundishwa kama somo katika madarasa ya kati kabla ya kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi za juu. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulikitambua Kiswahili kuwa lugha ya kuunganisha shule za nchi nzima, na mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 ikiwa na Frederick Johnson kama katibu wake wa kwanza, ilipewa jukumu la kusanifisha tahajia, kukagua vitabu vya shule na kutunga kamusi.

Kamusi za Kiswahili na Kiingereza zilikuwapo kabla ya Kamati hiyo. Ludwig Krapf alikusanya maneno mengi akiwa Mombasa, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, naye A. C. Madan wa Misheni ya Vyuo Vikuu huko Zanzibar alichapisha kamusi ya Kiingereza–Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili–Kiingereza mwaka 1903. Kazi ya Johnson, iliyochapishwa mwaka 1939 baada ya kifo chake, ilijengwa juu ya msingi wa Madan na kutoa kamusi mbili, moja kwa kila upande. Wataalamu wa leksikografia, yaani taaluma ya utungaji wa kamusi, huziita kamusi za aina hiyo kamusi thaniya, maana yake kamusi za lugha mbili, na hulitenga neno linalofafanuliwa, ambalo huitwa kidahizo, na maelezo yanayolifuata, ambayo huitwa fasili.

Jambo ambalo halikuzingatiwa sana shuleni ni kwamba kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya mwaka 1939, kama ile ya Madan kabla yake, ilimlenga zaidi Mwingereza aliyekuwa akitafuta neno la Kiswahili la kumwambia mpishi wake, askari wake au muumini wake. Mtu huyo alikwisha kujua namna ya kulitumia neno la Kiingereza. Alichohitaji ni kutofautishiwa maneno ya Kiswahili, kuelezwa ni lipi linafaa kwa mtu na lipi kwa kitu, lipi la heshima na lipi la mzaha. Kwa hiyo fasili na mifano ya kamusi hizo ilimwongoza msomaji kutoka Kiingereza kuelekea Kiswahili. Kijana wa Njombe aliyeifungua kamusi hiyo hiyo kwa lengo la kujifunza Kiingereza alipata maana ya neno, lakini hakupata habari aliyoihitaji zaidi, yaani namna neno lile linavyoungana na mengine katika sentensi ya Kiingereza.

Hasara ya jambo hilo inaonekana vizuri katika kitenzi kimoja cha kila siku. Kiswahili kina kitenzi kuazima, ambacho hutumika kwa anayechukua kitu kwa muda na pia kwa anayekitoa, kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba aliazima jembe kwa jirani, na jirani naye anaweza kuambiwa, "Niazime jembe lako." Kiingereza hugawanya kitendo hicho katika vitenzi viwili, "borrow" kwa anayechukua na "lend" kwa anayetoa. Mwanafunzi aliyenakili katika daftari lake kwamba "borrow" ni kuazima hajakosea hata kidogo kimaana, lakini anapotaka kusema kwamba ndugu yake alimwazima jembe, huandika "He borrowed me a hoe", na mwalimu huipiga sentensi hiyo mstari mwekundu. Kosa hilo halitokani na uvivu wala usahaulifu, kwa maana mwanafunzi ameikumbuka safu ya pili ya ubao kikamilifu. Limetokana na safu hiyo kubebeshwa kazi ambayo ni ya sentensi peke yake.

Sentensi zilizotoka Bengal na Tokyo

Wakati Kamati ya Lugha ikiendelea na kazi yake, walimu wa Kiingereza barani Asia walikuwa wakilishughulikia tatizo hilo hilo kutoka upande wa mwanafunzi. Michael West, aliyefanya kazi katika idara ya elimu ya Bengal na kuongoza chuo cha ualimu huko Dacca, aligundua kwamba wanafunzi wake wengi wangeacha shule mapema, na kwamba stadi ambayo ingewafaa zaidi maishani ni kusoma. Kwa sababu hiyo alitunga vitabu vya kusoma vilivyodhibitiwa msamiati, yaani vitabu ambamo maneno mapya huletwa machache kwa wakati mmoja na kurudiwarudiwa katika kurasa zinazofuata hadi msomaji ayazoee. Mwaka 1935 West na J. G. Endicott walitoa kamusi ndogo iliyofafanua maneno na misemo ipatayo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu, ili mwanafunzi asikwame ndani ya fasili yenyewe. Orodha yake maarufu ya maneno ya msingi ya Kiingereza, yapatayo 2,000, ilichapishwa mwaka 1953.

Huko Tokyo, Harold Palmer alianzisha taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza mwaka 1923, na A. S. Hornby aliyemfuata aliiendeleza kazi hiyo kwa kuchunguza miundo ya sentensi. Hornby, pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield, walitunga kamusi wahidiya, yaani ya lugha moja, iliyomlenga mgeni anayejifunza Kiingereza. Kamusi hiyo ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford ikaitoa upya mwaka 1948, na kutoka hapo ikasambaa katika shule za nchi zilizotawaliwa na Uingereza. Upya wake ulikuwa katika kuonyesha kila kitenzi kinafuatwa na nini. Watunzi waliviainisha vitenzi katika ruwaza 25 na kuvipa sentensi za mfano, hivyo mwanafunzi aliyetafuta "borrow" aliona kwamba kitu huazimwa kutoka kwa mtu, na kwamba mtu hawezi kuwekwa mara tu baada ya kitenzi hicho. Serikali ya Uingereza baadaye ilifadhili matoleo ya bei nafuu kwa nchi zinazoendelea, na kamusi hiyo katika toleo la bei nafuu ikawa mali ya thamani katika bweni lolote la sekondari.

Sentensi hizo zilikuwa za msaada mkubwa, lakini zilizungumzia mambo ya nchi nyingine. Lawama ya kawaida husema kwamba vitabu vya Kiingereza vilijaa theluji, treni za chini ya ardhi na chai ya alasiri ambazo mtoto wa Kiafrika hakuzijua. Katika Njombe lawama hiyo inahitaji kupimwa kwa uangalifu. Nyanda hizo hupata baridi kali mwezi Juni na Julai, na katika miinuko ya Makete na pembezoni mwa Njombe umande huganda juu ya majani na kuunguza viazi shambani. Mtoto wa huko alikikuta kitu kinachoitwa "frost" nje ya mlango wa nyumba yao, wakati mwalimu aliyetoka pwani alilazimika kukielezea kwa mikono. Ajabu ni kwamba safu ya maana haikumsaidia mtoto huyo, kwa sababu kamusi hutoa neno sakitu, ambalo wengi hawajawahi kulisikia kwa mtu yeyote. Katika hali ya namna hiyo sentensi moja inayotaja asubuhi ya Julai na viazi vilivyoungua ingelifundisha neno vizuri kuliko fasili yoyote, ila sentensi kama hiyo ilipaswa kutungwa na mwalimu aliyeijua Njombe, na mitihani ya Cambridge iliyotawala shule za sekondari wakati huo haikumpa mwalimu sababu kubwa ya kuitunga.

Kibarua, karani na fundi

Njia ya tatu, yaani nafasi ya kulitumia neno, ilibanwa na uchumi wa wilaya. Chini ya ukoloni Njombe ilikuwa chimbuko la nguvukazi, maana wanaume wengi walisafiri kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na wengine kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya. Kuanzia mwaka 1944 ofisi ya wakulima wa mkonge ya kuajiri vibarua, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU, iliwakusanya wanaume wa nyanda hizo kwa utaratibu na kuwasafirisha. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, ambacho kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mnyapara aliwaongoza kwa Kiswahili. Mtu angeweza kufanya kazi miaka mingi katika shamba la kampuni ya Kizungu bila kuhitaji neno moja la Kiingereza, na aliporudi Njombe, lugha aliyokuja nayo ikiwa imenolewa ilikuwa Kiswahili. Kwa njia hiyo mkonge ulikieneza Kiswahili katika Ubena kwa kasi ambayo shule peke yake isingeifikia.

Kiingereza kilibaki kuwa lugha ya karani, mganga msaidizi, mwalimu wa shule ya kati na mkalimani wa boma. Shule ya serikali ya Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928 upande wa Iringa na kupokea vijana wa Kihehe, Kibena na Kisangu, ni mfano mzuri wa mvutano uliozuka. Mwalimu mkuu wake wa kwanza, W. Bryant Mumford, alijaribu kujenga elimu juu ya mila za jamii hizo, akawaalika wazee kufundisha na kuziweka ngoma na desturi za kikabila ndani ya ratiba. Jaribio hilo lilivutia wasomi wa Ulaya, lakini lilififia baada ya Mumford kuondoka, na Malangali ikawa shule ya kitaaluma kama nyingine. Wazazi waliomtoa kijana shambani kwa miaka kadhaa walitarajia arudi na ujuzi ambao kijijini haukuwapo, na ujuzi uliolipwa wakati huo ulikuwa wa kuandika barua ya Kiingereza.

Nje ya darasa, hata hivyo, maneno ya Kiingereza yaliingia kwa wingi bila ubao wala kamusi. Kampuni ya miwati iliyoanzishwa na shirika la maendeleo la kikoloni mwaka 1949, ambayo ilipanda miti hiyo Njombe kwa ajili ya magome yake yanayotoa dawa ya kulainisha ngozi, ilileta mti pamoja na jina lake, na leo miwati ni neno la kila mwanakijiji. Pareto liliingia hivyo hivyo. Makambako, iliyo umbali wa kilometa 60 hivi kutoka mjini Njombe, ilikua kwa sababu ya njia: barabara kuu ya kwenda Zambia, reli ya TAZARA iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, na barabara ya Songea iliyofunguliwa kwa lami katika miaka ya 1980. Magereji yaliyozaliwa kandokando ya njia hizo yaliwafundisha vijana spana, jeki, breki, gia, klachi na gasketi, na hakuna fundi aliyewahi kuyasahau maneno hayo, kwa kuwa kila neno lilifika likiwa mkononi. Maneno hayo yalichukua sauti na ngeli za Kiswahili, kwa hiyo hayakumfanya fundi ajue Kiingereza. Lakini yanathibitisha kwamba neno hukaa pale linapokuwa na kazi, jambo ambalo orodha ya ubaoni ililiacha kwa bahati.

Mtoto wa Njombe na swali la lugha ya kufundishia

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na Kiingereza kikabaki kuwa somo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote vilipanua shule kwa kasi, na walimu wengi wapya waliandaliwa kwa muda mfupi, baadhi yao wakiwa wao wenyewe hawajapata nafasi ya kukisoma Kiingereza kwa kina. Sekondari, kwa upande mwingine, iliendelea kufundisha kila somo kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili na siasa. Hivyo mwanafunzi aliyemaliza darasa la saba akiwa na maneno machache ya Kiingereza alitakiwa, miezi michache baadaye, kuelewa mgawanyiko wa seli na sheria za mwendo kwa lugha hiyo.

Mtu aliyepewa kazi ya kulitazama jambo hilo kwa upana alikuwa mtoto wa Njombe. Mwaka 1980 Rais Julius Nyerere aliteua Tume ya Rais ya Elimu chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, mwanasiasa aliyeiwakilisha Njombe bungeni kwa miongo kadhaa. Tume hiyo, ambayo hadi leo huitwa Tume ya Makweta, ilitoa taarifa yake mwaka 1982, na kati ya mapendekezo yake ilishauri kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia masomo yote ya sekondari kuanzia kidato cha kwanza Januari 1985, na vyuo vikuu vifuate mwaka 1992. Mwaka 1983 Makweta, akiwa sasa Waziri wa Elimu, ndiye aliyetangaza kwamba badiliko hilo halingefanyika, na taarifa iliyotolewa na serikali mwaka 1984 haikuwa na pendekezo hilo. Mwaka huo huo Nyerere alieleza kwamba Watanzania walihitaji Kiingereza kwa kuwa katika mawasiliano ya dunia kilikuwa na nafasi iliyofanana na ya Kiswahili ndani ya Tanzania.

Mwaka 1984 ulileta pia taarifa ya Clive Criper na William Dodd, wataalamu wawili waliopima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania kutoka shule ya msingi hadi chuo kikuu. Kipimo chao kikuu kilikuwa jaribio la kujaza mapengo, ambamo maneno huondolewa katika kifungu kwa mpangilio maalumu na mtahiniwa hutakiwa kuyarudisha kwa kufuata muktadha. Kipimo hicho hakipimi kumbukumbu ya maana. Kinapima kama msomaji amekutana na lugha kiasi cha kuhisi ni neno gani linastahili kukaa pale. Matokeo yalionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kusoma vitabu vyao vya masomo kwa urahisi, na hata chuo kikuu idadi ya waliofikia kiwango hicho ilikuwa ndogo. Wataalamu hao hawakupendekeza Kiingereza kiachwe. Walipendekeza kiimarishwe, na Uingereza ikafadhili mradi wa kusaidia ufundishaji wake ulioanza mwaka 1987 na kupeleka katika sekondari vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa viwango, vikifuata wazo lile lile la West la maneno machache yanayorudiwarudiwa.

Uhusiano wa mambo hayo mawili, Tume na mradi, ndio kiini cha historia ya msamiati nchini. Tume ilitaka mwanafunzi apewe maana kwa lugha anayoijua. Mradi ulitaka apewe sentensi nyingi za lugha anayojifunza. Yote mawili yalikuwa sahihi, na hayakupingana kwa asili, kwa kuwa Tume yenyewe ilikubali Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo. Yalionekana kupingana kwa sababu mjadala ulihusu lugha moja ishinde nyingine, na swali la namna mtoto anavyoushika msamiati likasukumwa pembeni.

Shule nyingi, vitabu vichache

Kuanzia miaka ya 1980 serikali iliruhusu wananchi na mashirika kujenga sekondari kwa wingi, na Njombe ilikuwa miongoni mwa wilaya ambazo makanisa, vyama vya maendeleo na wanavijiji waliitikia kwa nguvu. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004 uliongeza shule za kata, hata kijana wa kijiji cha mbali akaweza kusoma kidato cha kwanza bila kuhama nyumbani. Upanuzi huo ulikuwa ushindi mkubwa, ila ulitawanya vitabu na walimu wa Kiingereza juu ya eneo pana zaidi. Pale ambapo darasa zima lilitumia nakala chache za kitabu cha kiada, ubao wa safu tatu ulirudi kuwa kitabu chenyewe, na sentensi ya mfano ikawa ile moja aliyoikumbuka mwalimu. Wazazi wenye uwezo, hasa wafanyabiashara wa Makambako, walifuata njia nyingine, wakawapeleka watoto katika shule binafsi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, ambazo sera ya elimu ya mwaka 1995 ilizipa nafasi.

Zana zenyewe ziliboreka wakati huo huo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyochapisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ilitoa kamusi ya Kiingereza–Kiswahili mwaka 1996, na msomaji aliyelengwa na kazi hiyo alikuwa pia Mtanzania anayetafuta Kiingereza. Katika Dodoma, Lindi na Morogoro watafiti walijaribu vitabu vya kidato cha kwanza vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi, vikiwa na maelezo ya maneno kwa Kiswahili na mazoezi yanayoruhusu wanafunzi kujadiliana kwanza kwa Kiswahili. Vitabu hivyo viliunganisha, ndani ya ukurasa mmoja, mambo ambayo Johnson na Hornby waliyafanya katika kamusi mbili tofauti. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote bila kukiondoa Kiingereza, na toleo lake la mwaka 2023 likaendelea kukiweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari, kwa hiyo haja ya kuunganisha maana na mfano haijapungua.

Mazingira ya Njombe nayo yamebadilika. Katika mji wa Makambako watoto wengi leo hukua wakisema Kiswahili nyumbani, kwa hiyo safu ya maana inatumia lugha ya kwanza, jambo ambalo babu zao hawakulipata. Matumizi nayo yamepanuka, kwa maana mkulima wa parachichi anayeuza nje ya nchi hukutana na masharti ya ubora yaliyoandikwa kwa Kiingereza, mkulima wa viazi husoma kipimo cha dawa kwenye chupa, na mfanyabiashara anayevuka Tunduma hujadiliana bei na Wazambia kwa Kiingereza. Hizo ni sentensi halisi, zenye neno, maana na kazi kwa pamoja, na zimo katika kazi za kila siku za watu wa Njombe.

Historia hii inatoa hukumu iliyo wazi juu ya mabishano yaliyodumu tangu enzi za Tume. Wanaodai kwamba mwanafunzi apewe Kiingereza kitupu wanasahau kwamba maana isiyoeleweka haiwezi kubeba mfano wowote, na wanaoridhika na orodha ya maneno na tafsiri zake wanasahau kwamba orodha hiyo ilirithiwa kutoka kwa kamusi zilizomhudumia msomaji wa upande mwingine. Mwalimu wa Njombe anaweza kuitoa maana kwa Kiswahili bila kuona haya, kisha akaitafuta sentensi katika shamba la viazi, gereji au stendi ya Makambako, na akaidai shule impe vitabu vya kutosha ili neno hilo lirudi mbele ya macho ya mwanafunzi mara nyingi. Sehemu mbili za kwanza zimo mikononi mwake. Ya tatu ni deni la serikali, na limekuwa likidaiwa tangu matokeo ya mwaka 1984 yalipowekwa mezani.